Kuizunguka Dunia kwa Mashua, Dakika 14

Tarehe 22 Aprili 1964, siku nne kabla ya Tanganyika na Zanzibar kuungana, Maonyesho ya Dunia yalifunguliwa jijini New York. Katika banda lililodhaminiwa na Pepsi-Cola kwa heshima ya UNICEF, wageni walipanga foleni kuingia kwenye mashua na kupitishwa katikati ya mamia ya wanasesere waliovalishwa mavazi ya mataifa mbalimbali, wote wakiimba wimbo mmoja. Maonyesho yalifungwa mwaka 1965, lakini wanasesere hawakupumzika. Mwaka 1966 walihamishiwa Disneyland, mjini Anaheim, California, na mpaka leo wanaimba. Mchezo wenyewe unaitwa "it's a small world", na ndugu zake wamejengwa Florida, Tokyo, Paris na Hong Kong.

Mswahili aishiye Marekani, au aliyekwenda kuwatembelea ndugu zake huko, hana ujanja: akiwa na mtoto mdogo, atapanda tu. Michezo mingi mikubwa ya Disneyland ina kipimo cha urefu mlangoni, na mtoto asiyekifikia hurudishwa. Hapa kipimo hicho hakipo. Mtoto mchanga hupakatwa, bibi hushikwa mkono, na anayetumia kiti cha magurudumu ana mashua yake maalumu. Hakuna kuporomoka, hakuna kugeuzwa miguu juu, wala zimwi linalochomoza kwenye kona. Giza lililopo ni la jengo lisilo na madirisha: kila mwanga unaouona humo ndani, uwe jua au mwezi, umepangwa na fundi.

Usiwe na haraka ya kuingia. Simama kwanza nje utazame ukuta wa mbele, mweupe wenye nakshi za dhahabu, na katikati yake saa kubwa yenye uso unaotabasamu, ukiyumba kushoto na kulia mchana kutwa. Kila baada ya robo saa milango midogo chini ya saa hiyo hufunguka, ngoma na tarumbeta hulia, na wanasesere hutoka mmoja baada ya mwingine kwa maandamano. Wakishapita wote, ndipo saa na dakika huonyeshwa. Watoto wengi hupenda kitu hiki kuliko hata safari yenyewe, nao hukitazama bila kupanga foleni.

Mtu aliyeupa mchezo huu sura yake ni Mary Blair, mchoraji ambaye rangi zake zilikuwa zimeshaonekana katika kazi za filamu za "Cinderella" na "Alice in Wonderland". Blair hakuogopa kuweka waridi kando ya rangi ya chungwa, wala kuchora jua kama duara lililokatwa kwa mkasi. Alice Davis alisimamia mavazi, na mumewe, Marc Davis, akabuni vituko vya kuchekesha. Kazi yote ilikamilika kwa muda usiofika mwaka mmoja.

Wimbo nao una kisa chake. Wazo la awali lilikuwa kila kundi la wanasesere liimbe wimbo wa taifa lake. Zilipopigwa zote kwa pamoja, ikawa vurugu tupu. Walt Disney, mwenye mchezo huu, akawaita ndugu wawili, Richard na Robert Sherman, waliotunga nyimbo za filamu ya "Mary Poppins", akawataka watunge kitu chepesi kinachoweza kuimbwa kwa lugha yoyote. Walichotunga ni wimbo ambao ubeti na kiitikio vinaweza kuimbwa kwa wakati mmoja visigongane, ndiyo maana unatoka chumba kimoja kuingia kingine na sauti hazichafuani. Onyo kwa mzazi: wimbo huo hautoki kichwani upesi.

Mashua zenyewe hazina nahodha. Husukumwa na maji yanayorushwa kwa nguvu ndani ya mfereji mwembamba, mbinu iliyotengenezwa na kampuni ya Arrow Development. Faida yake ni kwamba mashua hufuatana bila kukatika, na hata foleni ikiwa ndefu husogea. Mbinu hiyo ilimpendeza sana Disney, hata mchezo wake wa maharamia, uliokuwa umepangwa kuwa wa kutembea kwa miguu, akaufanya wa mashua.

Basi unaingia. Ulaya inakupokea nchi kwa nchi: askari wa Kiingereza, mpiga zumari wa Uskoti, Wafaransa wanaorusha miguu, Waholanzi na matulipu yao, Don Quixote wa Hispania. Halafu Asia, na jumba la Taj Mahal, wachezaji wa Thailand, na watoto wa Japani. Kisha zamu ya Afrika inafika.

Hapa ndipo Mswahili hukaa vizuri kwenye kiti. Misri ina piramidi zake. Zaidi ya hapo unaona kijani cha msituni, tembo, twiga, fisi wanaocheka mpaka mabega yanatikisika, na watoto weusi wanaopiga ngoma. Wanapendeza, na ngoma zao ni sehemu ya wimbo inayochangamsha kuliko nyingi. Ila huwezi kumwonyesha mwanao kwamba huyu ni wa Ghana, yule ni wa Kenya. Ulaya imepewa nchi. Afrika imepewa wanyama.

Mwaka wa kuzaliwa kwa mchezo huu unaufanya upungufu huo uonekane zaidi. Kenya ilikuwa imepata uhuru Desemba 1963. Malawi ilipata wake Julai 1964, maonyesho ya New York yakiendelea, na Zambia Oktoba. Bara zima lilikuwa linapandisha bendera mpya, na wanasesere wake hawakuwa na hata moja. Sioni kwamba palikuwa na ubaya wa makusudi. Wabunifu walichora Afrika waliyoijua, nayo ilikuwa ya filamu na vitabu vya wawindaji.

Kwamba inawezekana kufanya vingine, kampuni ya Disney yenyewe imeonyesha. Tarehe 22 Aprili 1998, miaka 34 kamili baada ya New York, ilifungua Disney's Animal Kingdom huko Florida, na ndani yake mji wa kubuni uitwao Harambe, ambao kuta zake ziliigwa kwa sehemu kubwa kutoka Lamu na mabango yake yana Kiswahili. Wanyama bado wapo, lakini pana mji, pana watu wenye maduka.

Wala mchezo wa mashua si msahafu usioguswa. Mwaka 2009, pale Anaheim, waliongezwa wahusika wa filamu za Disney miongoni mwa wanasesere, ingawa familia ya Mary Blair ilikuwa imepinga hadharani. Mwaka 2022 wakaongezwa wanasesere wawili wanaotumia viti vya magurudumu, na wageni wengi wakafurahi. Kama nafasi ilipatikana kwa hao, haiwezi kukosekana kwa binti wa Kiafrika aliyevaa sare ya shule, au kijana anayetweka tanga la jahazi.

Je, inafaa kwenda? Inafaa sana, hasa kwa mtoto aliye chini ya miaka 7. Nenda asubuhi bustani inapofunguliwa, au mchana jua linapochoma, kwani ndani ni baridi na unakaa kitako dakika 14. Uliza kwanza kama unafanya kazi: kila mwaka, kabla na baada ya msimu wa Krismasi, hufungwa kwa muda ili kupambwa na kuondolewa mapambo.

Na ukifika kwenye chumba cha Afrika, mzazi, usinyamaze. Una dakika moja au mbili tu. Mwambie mwanao bibi yake anaishi mji gani, wanaongea lugha gani huko, na kwamba fisi wa kweli wengi wa ukoo wake wamemwona kwenye televisheni tu. Disney amekupa mashua na wimbo; habari za kwao, mtoto azipate kwako.