Mbegu za Miti ya Kwetu: Kazi ya Mkulima na Watoto wa Shule

Mkulima wa Lyulilo, ushukapo gulioni siku ya Jumamosi huwaona Wakisi wakiteremsha ufukoni vyungu vilivyopakiwa mitumbwini toka Ikombe. Mtumbwi wa gogo ulikuwa mti, na kuni zilizochoma vyungu zilikuwa mti vilevile. Watu huuliza bei ya chungu. Ni nadra mtu kuuliza mti wa mtumbwi ujao umeota wapi. Karatasi hii yauliza neno hilo, nayo yakutaka ulijibu pamoja na watoto wako waendao shule.

Yafaa ujue kwanza ya kuwa mbegu za miti ya kwetu si kama mpunga. Mpunga mkavu waweza kuuweka ghalani hata msimu mwingine. Mbegu ya mkangazi, ambao ni mti wa mitumbwi tangu zamani katika Ziwa Nyasa, ikikaa majuma machache katika joto la nyumba hufa. Kwa hiyo usitumaini kuinunua mbali na kuiweka akiba. Yakupasa kuokota chini ya mti uliopo na kupanda mara moja. Na mti huo ukiisha kukatwa, mbegu zake nazo zimekwisha.

Hapo ndipo watoto wanapofaa kuliko sisi wazee. Wao huchunga, hutafuta kuni, huoga mitoni, nao wajua ni mti upi umeangusha matunda tangu jana. Mwalimu na awaulize darasani, aandike ubaoni kila mti mzazi na mahali ulipo. Mbegu zisitoke katika mti mmoja tu. Ziokotwe chini ya miti mingi iliyo mbalimbali, kumi ikipatikana, maana miche ya mzazi mmoja ikija kuzaana yenyewe kwa yenyewe, kizazi chake hudhoofika. Wala mtoto asipande juu ya mti kuchuma. Mtu mzima na ashushe tunda kwa ndoana iliyofungwa katika upondo.

Tunda la mkangazi ni gumu, la mviringo, nalo hupasuka katika kiangazi. Ndani mna mbegu bapa zenye ukingo mwembamba kama bawa. Kata moja kwa wembe: ikiwa nyeupe na mbichi ndani, ni nzima, ikiwa kahawia au tupu, tupa. Kisha watoto wahesabu mbegu ishirini, wazifunge katika kitambaa chenye unyevu, wazitazame kila asubuhi. Zikiota kumi na tano, mmejua ya kuwa kila mia moja zitawapa miche kama sabini na tano, nalo ni somo zuri la hesabu kuliko mengi ya kitabuni.

Mifuko ya kupandia usiinunue. Magamba makavu ya mgomba, ambayo kwetu hayana kifani kwa wingi, hufungwa kwa kamba zake yakawa makopo mazuri. Tena huoza ardhini pamoja na mche, mizizi isisumbuliwe. Changanya makarai mawili ya udongo mweusi wa juu, karai moja la samadi iliyooza kabisa, na karai moja la mchanga. Mchanga wa ufukoni wafaa, kwa kuwa ziwa letu halina chumvi. Laza mbegu, uifunike kwa udongo mchache sana, uweke kivuli chepesi cha makuti, na umwagilie asubuhi na jioni. Baadhi zitaota baada ya siku kumi, nyingine zitachelewa hata mwezi. Usikate tamaa upesi ukaumwaga udongo.

Mvule una tabia nyingine. Kuna mvule dume na mvule jike, na ule usiozaa huenda ni dume. Usiukate kwa kosa hilo, kwa maana jike hauzai mbegu njema pasipo dume. Matunda ya jike huangukia chini yakiwa laini, na popo huyapenda. Yapondwe majini, mbegu zioshwe, zichanganywe na mchanga mkavu zipate kutawanyika sawasawa, kwani ni ndogo mno. Ukwaju ni rahisi: loweka kokwa usiku mmoja katika maji ya moto yasiyochemka.

Mkuyu hauna haja ya mbegu. Mwanzo wa mvua kata tawi lililokomaa, nene kama kidole gumba au zaidi, lenye urefu wa futi moja. Liache kivulini siku moja utomvu ukauke, kisha lizike theluthi mbili kwa mshazari, macho ya tawi yakielekea juu. Panda vipandikizi hivi kwenye kingo za Lufilyo na mahali mto ulapo shamba lako. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita sitini toka ukingo wa mto au ziwa. Basi badala ya kunung'unikia ardhi hiyo, ipe mikuyu ishike udongo.

Miche ya mkangazi iliyooteshwa mwezi wa Septemba huwa tayari katika masika, na Aprili 1, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, yatukuta huku mvua ikiwa nyingi. Usiipange mikangazi peke yake juani kama shamba la mahindi, kwa kuwa kuna kiwavi atobowaye ncha ya mche, na mti ukakua umepinda. Tawanya mmoja mmoja kati ya migomba na kakao.

Baada ya hapo yaja hatari iliyo kubwa kuliko kiwavi. Mwezi wa Juni shule hufungwa, mvua hupungua, na ng'ombe na mbuzi huachwa wajitafutie. Kabla ya kufunga shule, wazazi wakutane na mwalimu, wagawane siku za kumwagilia maji, na kila mwenye mifugo aseme mbele ya wenzake ataifunga wapi. Kila mche uzungushiwe miiba au fito mpaka ncha yake impite mbuzi aliyesimama kwa miguu miwili.