Fahamu jinsi baleti ilivyokutana na muziki wa Black Sabbath

Birmingham Royal Ballet ni kundi la baleti, yaani sanaa ya jukwaani inayosimulia kwa miondoko ya mwili badala ya maneno, ambalo lilihamisha makao yake kutoka London kwenda jiji la Birmingham mwaka 1990 na ambalo tangu mwaka 2020 linaongozwa na Carlos Acosta, mchezaji mashuhuri mzaliwa wa Cuba.

Mnamo Septemba 2023 kundi hilo lilizindua, katika ukumbi wa Birmingham Hippodrome, onyesho lililojengwa juu ya nyimbo za Black Sabbath, bendi iliyoundwa jijini humo mwaka 1968 na inayohesabiwa miongoni mwa waasisi wa hevi metali, yaani roki yenye magitaa mazito. Uzito huo una asili ya kiwandani: mpiga gitaa Tony Iommi, aliyekatwa ncha za vidole viwili na mashine akiwa kijana, alijitengenezea vifuniko vya plastiki na baadaye akalegeza nyuzi ili zibonyezeke kwa urahisi, jambo lililoishusha sauti.

Onyesho lina sehemu tatu, zilizotungiwa miondoko na Raúl Reinoso, Cassi Abranches na Pontus Lidberg, huku nyimbo zikipangwa upya kwa ajili ya okestra. Kwa kundi lililo nje ya mji mkuu, uteuzi huo una mantiki, kwa kuwa humvuta ukumbini mkazi ambaye hajawahi kuitazama baleti, lakini anaujua muziki wa mtaani kwake.