Sanaa na Roho ya Watu (3): Vinyago vya Wamakonde wa Msambweni

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulizungumzia ngoma za uganga za Wadigo na misitu ya kaya. Leo nawageukia majirani zao, Wamakonde wa Makongeni, Msambweni. Hapa Kwale sijaona jamii inayoonyesha wazi kuliko wao jinsi sanaa inavyowashika watu pamoja pale serikali inapokataa kuwatambua.

Wamakonde walianza kuja kutoka Msumbiji miaka ya 1930, kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya pwani ya kusini, yakiwemo ya Ramisi. Wengine walifuata baadaye wakikimbia vita. Walizaa hapa na kuzika wazazi wao hapa, lakini wana na wajukuu wakanyimwa kitambulisho. Asiye na kitambulisho hafungui akaunti benki, hasajili laini ya simu, haandikwi kazi, hapigi kura.

Walichobaki nacho ni patasi na ngoma. Na kwa Mmakonde, kuchonga hakukuanza kwa ajili ya watalii wa Diani. Kule uwanda wa Mueda, kinyago cha lipiko huvaliwa vijana wanapotoka jandoni. Anayekivaa hajulikani tena kuwa ni fulani bin fulani. Ni mzimu wa wahenga umerudi kijijini kuwapokea vijana hao. Watazamaji hukimbia, hucheka, huimba, na kwa muda huo walio hai na waliotangulia huwa ukoo mmoja.

Imani hiyo ndiyo iliyoingia kwenye mpingo. Tazama dimoongo, kinyago ambacho Tanzania kilikuja kuitwa ujamaa, na ambacho chanzo chake hutajwa kuwa ni mchongaji Roberto Yakobo Sangwani. Watu wamepandana mabegani, wakubwa kwa wadogo, wote wametoka katika gogo moja bila gundi wala msumari. Fundi hupunguza tu; akikosea hana cha kubandika. Ukimwondoa mmoja wa chini, waliobebwa naye wamekwisha. Sijasoma hotuba iliyoieleza jamii ya binadamu vizuri kuliko gogo hilo.

Oktoba 2016, Wamakonde wapatao 300 walifunga safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai uraia. Rais Uhuru Kenyatta akawapokea Ikulu na kuamuru wapewe vitambulisho kabla ya Desemba kwisha. Mwaka 2017 wakahesabiwa kabila la 43 la Kenya.

Vinyago havikuwapa uraia. Waliupata kwa miguu yao na kwa jasho la watetezi wa haki waliosimama nao. Hata hivyo, watu waliotawanywa mashambani kwa takriban miaka 80 wasingeondoka pamoja kama wangesahau kwamba wao ni wamoja, na naamini kumbukumbu hiyo ilitunzwa ngomani na chini ya miti wanakochongea mafundi.

Sasa wana vitambulisho, lakini mpingo umeadimika na kijana ana kazi nyingine za kukimbilia. Kaunti ya Kwale iwape wazee hawa nafasi ya kufundisha katika vyuo vya ufundi, na ioteshe mpingo. Nawe msomaji, ukisimama mbele ya kinyago pale Diani, kabla ya kuuliza bei muulize fundi ni nani amembeba nani.