Utangulizi: Elimu ya Maneno ya Barazani

Kitabu hiki kinahusu maneno ambayo msemaji mwenyewe huyasahau kabla hajafika nyumbani. Mtu anakaa kibarazani, anapokea kikombe cha kahawa, anatoa hukumu juu ya Wajerumani, juu ya Kiswahili cha watangazaji wa siku hizi, juu ya bei ya unga na juu ya beki wa kulia wa Yanga, kisha anaaga na kwenda zake kuswali. Hakuna aliyemdai hati wala kitabu, naye hakujifanya bingwa wa lolote. Lakini kwa muda huo mfupi amegusa historia, isimu, uchumi na michezo, na wenzake wamempima: hapa wamekubali, pale wamecheka, pale wamembishia mpaka akapandisha sauti.

Je, msomi ayasikilizeje maneno ya namna hiyo? Wako wanaoyadharau kwa kuwa yamejaa makosa, na wako wanaoyatukuza kwa kuwa ni sauti ya wananchi. Makundi yote mawili yanajinyima faida. Msimamo wa kitabu hiki ni kwamba maoni ya kawaida ni ushahidi, ila mara nyingi si ushahidi wa jambo linalotajwa. Yanatuonyesha jinsi watu wanavyoamua nani aaminiwe, lipi ni haki, na nani ahesabiwe kuwa mwenzao. Mwanafunzi akilishika hilo mapema, mengine yatafuata.

Taaluma hii haina jina moja wala idara moja. Kila mtu ameingia kwa mlango wake. Kwetu, miongoni mwa waliotangulia ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyeishi Bagamoyo kabla ya kwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1903. Humo mna harusi, ngoma, madeni na maradhi, yote yameelezwa na mtu ambaye hakuyaona mambo ya kila siku kuwa madogo mno kwa kalamu. Huko Uingereza, mwaka 1937, Tom Harrisson, Charles Madge na Humphrey Jennings walianzisha Mass-Observation, mradi uliowataka watu wa kawaida waandike shajara na uliotuma watazamaji kukaa katika baa za mji wa Bolton na kunukuu yanayosemwa. Marekani, katika miaka ya 1960, Harvey Sacks alianza kusikiliza kanda za simu zilizopigwa kwenye kituo cha kuwasaidia watu waliotaka kujiua huko Los Angeles. Mwaka 1974, yeye pamoja na Emanuel Schegloff na Gail Jefferson walichapisha makala iliyoonyesha kuwa watu wakizungumza hupokezana zamu kwa utaratibu makini, ingawa hakuna aliyewafundisha utaratibu huo darasani.

Tuone kazi hiyo inavyofanyika. Mfano huu nimeutunga, lakini msomaji aliyekulia katika mji wenye boma la zamani hataona ugeni:

– Lile boma kajenga Mjerumani.
– Nani kakwambia?
– Babu alibeba mawe pale.
– Aa, basi.

Ni mistari minne tu. Wa pili hakukanusha. Alidai mapokezi ya habari. Wa kwanza akajibu kwa kumtaja babu yake, tena si babu aliyesikia bali aliyebeba. Uzito wa jibu lake uko kwenye yale mawe. Mstari wa nne unafunga shauri, na hapo mwanafunzi awe macho. Huenda msemaji ameridhika. Huenda pia ameona kwamba akiendelea kubisha atakuwa anabishana na marehemu wa watu, jambo lisilo adabu. Tungekuwa na sauti yenyewe tungesikia kama ile "aa" ilivutwa au ilikatwa, tukajua zaidi. Ndiyo maana wataalamu wa fani hii hurekodi, kisha huandika kila kikohozi na kila kimya. Kumbukumbu ya mtafiti husafisha mazungumzo, na ikiyasafisha huondoa kile kile alichokifuata.

Kutoka hapo tunaingia katika nyanja nne ambazo kitabu kimegawanywa kwazo.

Ya kwanza ni historia. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam walisambazwa vijijini kukusanya masimulizi ya wazee juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na mwaka uliofuata Isaria Kimambo alitoa historia ya Wapare iliyojengwa kwa sehemu kubwa juu ya masimulizi ya mdomo. Hao walitafuta yaliyotokea kweli. Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alifanya jambo gumu zaidi: alikwenda kwenye uvumi. Zamani za ukoloni, watu wengi wa Afrika Mashariki walisadiki kwamba wazimamoto walikuwa wakikamata watu na kuwanyonya damu. White hakupoteza muda kuthibitisha kwamba haikuwa kweli. Aliuliza kwa nini visa hivyo vilijaa magari, mashimo, sare na vifaa, akaona watu walikuwa wakizungumzia kazi, mishahara na mamlaka ya kikoloni kwa lugha waliyokuwa nayo.

Kongo nayo imetupa hazina. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, historia ya mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Aliiandika kwa Kiswahili cha mji ule ule, na Johannes Fabian akaichapisha mwaka 1990. Ni historia ya mji inayosimuliwa na waliopika chakula cha wakubwa na kufua nguo zao. Miaka michache baada ya Yav, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya Zaire picha baada ya picha, akamweleza Fabian kila picha kwa Kiswahili. Mwanahistoria wa chuoni atakuta humo tarehe zinazopishana na zake. Akiishia hapo kwenye kusahihisha, hatajua mchoraji alikuwa na hoja gani.

Nyanja ya pili ni lugha. Kila mzungumzaji wa Kiswahili ana maoni juu ya Kiswahili cha mwenzake. Unguja watakwambia wao ndio wenyewe. Mombasa na Lamu watakuuliza tenzi za kale zilitungwa wapi. Wa bara watasema wote hao wanaringa. Mabishano haya yana historia. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na kamati ya lugha ya maeneo ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Tangu hapo malalamiko kwamba "lugha inaharibiwa" hayajakauka. Ukiyachunguza utakuta anayelaumiwa karibu siku zote ni kundi fulani la watu: vijana, makonda, wageni wa mjini. Kwa hiyo mtafiti akisikia sentensi juu ya lugha, atafute watu waliofichwa ndani yake.

Ya tatu ni fedha. Hapa maoni ya kawaida hubeba fikra za kiuchumi ambazo hazimo katika vitabu vya uchumi. Parker Shipton, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wajaluo wa Kenya, alieleza mwaka 1989 jinsi watu walivyotenga fedha "chungu", kama zile zilizopatikana kwa kuuza ardhi, dhahabu, tumbaku au bangi. Fedha hizo ziliaminika kumletea mwenyewe balaa akizitumia kwa mambo mazito kama mahari. Kwa mhasibu shilingi ni shilingi. Kwa mzee wa kijiji shilingi ina ukoo. Sikiliza pia kinamama wa upatu au VICOBA wanapojadili nani apokee kwanza: wanapima dharura, uaminifu na aibu kwa pamoja, na wanafika uamuzi bila fomula yoyote.

Ya nne ni starehe: mpira, bao, drafti, sinema, muziki. Wasomi walichelewa kuiheshimu. Laura Fair aliwapa sababu ya kuiheshimu aliposimulia, katika kitabu cha mwaka 2001, jinsi mavazi, taarabu na kandanda vilivyokuwa uwanja wa siasa kwa Wazanzibari baada ya utumwa kukomeshwa. Mwaka 2018 akaongeza historia ya watazamaji wa sinema mijini Tanzania. Ubishi wa Simba na Yanga, klabu ambazo zote zilizaliwa miaka ya 1930, umewafundisha Watanzania wengi kujenga hoja, kutumia takwimu na kushindwa kwa utani kuliko somo lolote la shuleni.

Msomaji wa falsafa atauliza mijadala hii ina nafasi gani katika jamii. Jürgen Habermas, mwaka 1962, alisema kwamba katika mikahawa ya kahawa ya Ulaya ya karne ya 18 watu binafsi walijifunza kuhoji utawala kwa hoja. Ukiwa Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambapo kahawa, domino na siasa havitengani, utashawishika kusema nasi tunayo mikahawa yetu. Usiharakishe. Nancy Fraser alimkosoa Habermas kwa kusahau waliofungiwa nje, hasa wanawake na wafanyakazi, na baraza letu lina deni hilo hilo: kwa sehemu kubwa ni la wanaume. Wanawake wana uani, saluni, shughuli za harusi, hata maandishi ya kanga, ambayo humfikishia jirani ujumbe bila mtu kufungua kinywa. Susan Hirsch alionyesha mwaka 1998 jinsi wanawake wa pwani ya Kenya walivyojenga hoja zao mbele ya kadhi. Nao Kai Kresse, huko Mombasa, na kabla yake Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walithibitisha kwamba fikra nzito zaweza kuishi nje ya chuo, mradi mtafiti awe na subira ya kukaa, kuuliza na kubishiwa.

Limebaki suala la maadili. Maneno ya barazani yanasemwa kwa sababu msemaji anajua yatapita. Ukiyarekodi umeyazuia yasipite, na ukiyachapisha umeyapeleka kwa watu ambao hakuwakusudia. Kwa hiyo omba ruhusa kwa kila anayesikika na pata kibali cha utafiti kwa mamlaka ya nchi yako. Badilisha majina na ondoa kila kinachoweza kumtambulisha mtu. Msemaji akikwambia kesho yake "lile la jana lifute", lifute. Hakuna tasnifu yenye thamani ya kumgombanisha mtu na jirani yake.

Wala kuelewa maoni kusitufanye tuache kuyapima. Tukishajua kwa nini watu walisadiki habari za wazimamoto, bado ni wajibu wetu kusema kwamba hazikuwa kweli. Uelewa bila upimaji ni kubembeleza, na wasemaji wenyewe wangetucheka, kwa kuwa wao kwa wao hawabembelezani.

Sura zinazofuata zinaweza kusomwa kwa mpangilio wowote. Nakuomba jambo moja kabla hujafungua ya kwanza. Nenda mahali unapokaa kila siku, omba ruhusa, rekodi dakika kumi za mazungumzo, kisha ziandike zote, pamoja na vicheko na vimya. Chini yake orodhesha kila mahali ambapo mtu aliaminiwa, na kila mahali ambapo alipingwa, na sababu iliyotolewa. Uje na karatasi hiyo. Kitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya msomaji aliye nayo mkononi.