Kopo jeusi chini ya kitanda cha kijana

Mdogo wangu ana miaka 17. Anacheza mpira, na jioni anakwenda jimu ya mtaani. Mwezi uliopita mama alikuta kopo jeusi chini ya kitanda chake, lina picha ya mwanamume mwenye kifua kama mlango. Alidhani ni sumu ya panya. Kumbe poda ya protini, imenunuliwa kwa hela ya nauli aliyoidunduliza, na muuzaji ni mwalimu wake wa mazoezi. Huyohuyo ndiye aliyemwambia kwamba bila poda mwili wake "haujibu".

Biashara yenyewe ndiyo hiyo. Anayekupangia mazoezi ndiye anayekuuzia, na yule wa Instagram mwenye picha za "kabla" na "baada" ana namba ya punguzo inayomwingizia chake kila ikitumika.

Nikakaa na dogo tukapiga hesabu. Ana kilo 60. Wataalamu wa lishe ya michezo hupendekeza gramu 1.2 hadi 2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku kwa mtu wa mazoezi makali. Kwake kiwango cha chini ni gramu 72. Mayai mawili yana kama 12, glasi ya maziwa 8, gramu 100 za maharage makavu 20 hivi, gramu 50 za dagaa wakavu si chini ya 25. Tulifika 65, na ugali hatujaugusa. Akanyamaza.

Tuseme ukweli, poda ya protini si sumu, na kreatini ina ushahidi kwamba husaidia mazoezi ya nguvu ya muda mfupi. Kinachonitisha ni kisichoandikwa. Kati ya 2000 na 2001, maabara ya Cologne, Ujerumani, ilipima virutubisho 634 kutoka nchi 13. Kati yake 94 vilikuwa na viambata vya homoni za kutunisha misuli ambavyo lebo haikuvitaja. Kijana anayeota kucheza ligi akipimwa akakutwa navyo anaweza kufungiwa, na "sikujua" haimsafishi.

Zile za kunywa kabla ya mazoezi mara nyingi hubeba kafeini nyingi. Ukiona mtoto halali na moyo unamwenda mbio, anzia hapo kuuliza.

Ukimfokea ataficha vizuri zaidi. Mwambie alete kopo msome wote. Likisema "mchanganyiko maalumu" bila kutaja gramu za kila kilichomo, lirudisheni. Mwenye tatizo la figo, moyo au presha asionje kitu kabla ya kumwona daktari.

Dogo bado anakwenda jimu. Poda aliimaliza, anasema hawezi kumwaga hela yake. Kopo mama kalisuuza, siku hizi anawekea dagaa.