Laini si bora daima: Jua, maji na kutu

Sufuria iliyosuguliwa ikang'aa ni fahari ya jikoni. Lakini iko kazi moja ambayo uso laini hauifai sana. Ni ile ya kuyatenganisha maji kwa nguvu za jua ili kupata hidrojeni, gesi ambayo ikiwaka huacha mvuke wa maji badala ya moshi.

Mnamo mwaka 1972, Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda walieleza jinsi walivyotia majini elektrodi ya oksidi ya titani, kisha wakaimulika. Oksijeni ilitokea hapo, nayo hidrojeni ikatokea kwenye elektrodi ya pili ya platini. Dosari ni kwamba oksidi hiyo hutumia miali ya urujuanimno tu, sehemu ndogo sana ya nguvu za jua.

Ndipo wataalamu wakaigeukia hematiti, oksidi ya chuma iliyo jamaa ya kutu. Inapatikana tele, ni rahisi, na hunasa hata mwangaza tuuonao kwa macho. Je, mbona basi haijafika majumbani?

Tatizo ni umbali. Mwangaza ukiipiga hematiti, huzusha chaji za umeme. Zile chaji chanya zinazotakiwa kuyafikia maji husafiri nanomita chache tu kabla ya kupotea. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita! Lakini ili kunasa mwangaza wa kutosha, yahitajika unene wa mamia ya nanomita. Tabaka laini na nene hulinasa jua vyema, halafu mavuno yakapotelea njiani.

Mwaka 2006, Michael Grätzel na wenzake huko Uswisi walieleza hematiti yenye vijitawi vingi, mfano wa koliflawa. Maji hupenya baina ya vijitawi hivyo vyembamba, na chaji hazina safari ndefu. Isitoshe, uso wenye mabonde na vilima hukutana na maji mengi zaidi kuliko uso laini.

Hata hivyo, hakuna faida isiyo na gharama. Uso ukiongezeka, kasoro zake nazo huongezeka, na humo chaji hunaswa zikapotea bure. Aidha, hematiti peke yake haitoi hidrojeni bila kuongezewa umeme kidogo.

Kwa hivyo, mwanafunzi akiuliza iwapo uso wa kukwaruza ni bora, ajibiwe kwamba ni bora kwa kiasi. Kukipata kiasi hicho ndiyo kazi inayowangoja wataalamu wa kesho.