Lita Ngapi Umewekewa?

Ukisimama kwa nusu saa katika sheli yoyote ya Dar es Salaam utasikia lugha moja tu. "Weka ya elfu kumi." "Niwekee ya elfu ishirini." Ni nadra kumsikia mtu akitaja lita. Buchani tunasema nusu kilo, na macho yetu hayabanduki kwenye mizani. Lakini petroli, ambayo kwa wengi wetu hula fedha nyingi kuliko nyama, tunainunua tumeketi ndani ya gari na kioo tumekipandisha.

Nyama unaiona. Petroli hupita ndani ya mpira ikaingia gizani, na shahidi wako ni pampu peke yake. Kwa hiyo shuka garini. Pampu inaonyesha mambo matatu: bei ya lita moja, lita zilizotoka na fedha unazodaiwa. Hakikisha lita na fedha zimerudi kwenye sifuri kabla mhudumu hajaanza, kisha tazama kama bei ya lita ni ile iliyoandikwa kwenye bango la nje. Angalia pia stika ya Wakala wa Vipimo, kwani pampu hukaguliwa na kufungwa lakiri ili isichezewe. Mwisho, dai risiti inayoonyesha lita.

Hata hivyo, silaha kubwa kuliko zote ni kijidaftari cha shilingi chache na kalamu. Siku moja jaza tanki mpaka nozeli ijikate yenyewe, na uandike namba ya kilometa iliyopo kwenye dashibodi. Tuseme ni 45,210. Endelea na shughuli zako, kisha rudi kwenye sheli ileile, ikiwezekana pampu ileile, ujaze tena mpaka ijikate. Ikiwa dashibodi sasa inasoma 45,570 na zimeingia lita 30, umetembea kilometa 360, na gari lako linakwenda kilometa 12 kwa lita. Asiyeweza kujaza tanki anaweza kujumlisha lita zote alizonunua katikati, mradi aanze na amalizie na tanki lililojaa.

Ukishaifahamu namba hiyo, hudanganyiki kwa urahisi. Ikishuka kutoka 12 hadi 9, na njia zako ni zilezile na foleni ni ileile, kuna mwizi mahali fulani. Anza na upepo wa matairi, maana tairi lililolegea hulemea injini. Kagua chujio la hewa, ambalo mafundi huliita ea klina, na breki zinazoshika. Vyote vikiwa vizima, badilisha sheli kwa mara mbili tatu. Namba ikirudi kwenye 12, jibu unalo. Na tanki la lita 45 likipokea lita 52, hapo hakuna haja ya daftari, ingawa lita moja au mbili za ziada si ajabu kwa sababu shingo ya tanki nayo hushika mafuta.

Wako wanaotuhimiza tununue petroli alfajiri, eti asubuhi huwa nzito. Ni kweli petroli hutanuka kwa joto, karibu asilimia 0.1 kwa kila digrii moja ya Selsiasi. Lakini matanki ya sheli yamefukiwa chini ya ardhi, na huko joto la mchana na la usiku halipishani sana. Hata kama lingepishana kwa digrii 5 nzima, katika lita 40 ungeokoa robo lita kasoro. Usivunje usingizi kwa hilo.

Kushindilia mafuta baada ya nozeli kujikata nako ni hasara. Jua likipiga, petroli hutanuka ndani ya tanki na kutafuta pa kutokea. Umelinunulia tone, limemwagika barabarani.

Na kuhusu bei, EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kikomo maana yake ni ukomo wa juu, na sheli inaruhusiwa kuuza chini yake. Lakini piga hesabu kabla ya kukimbilia unafuu. Kuokoa shilingi 20 kwa lita katika lita 30 ni shilingi 600. Ukizunguka kilometa 10 kuufuata unafuu huo, gari la kilometa 12 kwa lita litachoma zaidi ya robo tatu ya lita. Hata kama lita ingeuzwa shilingi 2,000, umekwisha kupoteza zaidi ya shilingi 1,600. Anayesafiri kwenda bara ndiye mwenye faida ya kweli: bei za mikoa ya mbali hubeba gharama ya kusafirisha mafuta kutoka bandarini, kwa hiyo na ajaze Dar es Salaam, Tanga au Mtwara kabla ya kuondoka.

Mwenye shaka na kipimo asigombane na mhudumu, ambaye mara nyingi ni mwajiriwa tu. Aandike namba ya pampu, tarehe na saa nyuma ya risiti, aipeleke ofisi ya Wakala wa Vipimo ya mkoa wake. Akishuku mafuta yenyewe yamechakachuliwa, malalamiko hayo ni ya EWURA.